2,147,483,647: Nambari tasa iliyogeuka kikomo cha tarakilishi

IWAPO ungeanza kuhesabu moja, mbili, tatu, nambari moja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala, ungefika 2,147,483,647 baada ya miaka 68 na siku chache. Kwa maneno, nambari hiyo husomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu kumi tu. Mhariri aliyezoea kukagua takwimu za bajeti angeipitia bila kushtuka, kwa maana mabilioni mawili siku hizi hayamshangazi mtu.

Hata hivyo, ni nambari chache zenye historia kama ya hii. Ni nambari tasa, na aliyethibitisha hivyo mnamo 1772 alikuwa mwanahisabati aliyekuwa karibu kipofu. Kwa zaidi ya miaka 70 baadaye, hakuna aliyeweza kuonyesha nambari tasa iliyo kubwa kuliko hiyo. Leo, bila kuombwa, imekuwa ukuta ambao programu nyingi za tarakilishi haziwezi kuuruka. Ukuta huo una tarehe yake: Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde saba asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Mashimo ya bao

Nambari yenyewe hupatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili, kisha tena kwa mbili, hadi mbili zitimie 31, halafu kutoa moja. Wanahisabati huiita mbili kwa kipeo cha 31, kasoro moja.

Msomaji anayecheza bao ataielewa upesi. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32. Chukua punje za mahindi. Tia moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na uendelee vivyo hivyo ukizidisha kila mara. Ukifika shimo la 31, jumla ya punje zote ulizotia itakuwa 2,147,483,647 barabara. Tukikadiria kwamba punje tatu zina uzito wa gramu moja, hayo ni mahindi ya karibu magunia 8,000 ya kilo 90. Shimo la 32 bado liko tupu, nalo peke yake linadai punje moja zaidi ya zote zilizotangulia. Tutalirudia shimo hilo baadaye.

Nambari tasa ni ile isiyogawika bila kubakisha kitu, ila kwa moja na kwa yenyewe. Nambari 6 si tasa kwa kuwa ni 2 mara 3. 7 ni tasa. Neno lilichaguliwa vyema, kwani tasa ni asiyezaa, na nambari ya aina hii haipasuki ikatoa nambari ndogo ndogo.

Zile zinazopatikana kwa kuzidisha mbili mara kadhaa kisha kutoa moja hupewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1648. Tatu ni ya kundi hilo, na 7, na 31, na 127. Mtu aweza kudhani kwamba kila kipeo kikiwa tasa basi matokeo nayo yatakuwa tasa. Sivyo. Kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Hapo ndipo ugumu ulipo: kipeo tasa ni sharti la lazima, lakini hakitoshi, na kila nambari haina budi kuchunguzwa yenyewe.

Walioteleza

Mwitaliano Pietro Cataldi alithibitisha mnamo 1588 kwamba vipeo vya 17 na 19 hutoa nambari tasa, 131,071 na 524,287. Hiyo ilikuwa kazi ya jasho, ya kugawanya na kugawanya. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1603 akaongeza kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa nambari tasa. Hapa alikuwa akibahatisha. Pierre de Fermat alionyesha mwaka 1640 kwamba kipeo cha 23 hutoa nambari inayogawika kwa 47, na cha 37 hutoa inayogawika kwa 223. Kipeo cha 29 kilianguka mwaka 1738 mikononi mwa Leonhard Euler wa Uswisi, aliyekuta kwamba nambari yake, 536,870,911, ni zao la 233, 1,103 na 2,089.

Kati ya makisio manne ya Cataldi, basi, lilikuwa limebaki moja tu: 31.

Mersenne mwenyewe alitoa orodha yake mwaka 1644, na 31 ikiwemo. Lakini orodha hiyo nayo ilikuja kugunduliwa kuwa na makosa matano. Aliweka vipeo vya 67 na 257 visivyostahili, na akaacha vya 61, 89 na 107 vilivyostahili. Kwa hivyo, kutajwa katika orodha ya Mersenne hakukuwa ushahidi wa lolote.

Hesabu 372

Kufikia 1772 Euler alikuwa na umri wa miaka 65, akiishi St Petersburg nchini Urusi. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika miaka mingi kabla. La kushoto lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 1771, na baada ya muda mfupi akapoteza karibu uwezo wote wa kuona. Kazi zake alizifanya kichwani na kuwasomea wanawe na wasaidizi wake waandike. Ni katika hali hiyo alipotuma barua kwa mwanahisabati mmoja wa ukoo mashuhuri wa Bernoulli, akimweleza kwamba 2,147,483,647 ni tasa.

Alijuaje? Njia ya moja kwa moja ni kujaribu kuigawanya kwa kila nambari tasa iliyo ndogo. Si lazima kufika mbali sana. Ikiwa nambari inapasuka sehemu mbili, sehemu ndogo haiwezi kuzidi 46,340, kwani 46,341 mara 46,341 tayari inapita. Lakini chini ya 46,340 kuna nambari tasa zipatazo 4,800. Kugawanya nambari ya tarakimu kumi mara 4,800, kwa mkono, ni adhabu.

Euler aliipunguza adhabu hiyo kwa hoja mbili. Ya kwanza ilitokana na kazi ya Fermat: nambari yoyote tasa inayoigawanya hii yetu lazima, ukiigawanya kwa 62, ibakishe 1. (Waweza kuijaribu kanuni hiyo kwa 2,047 tuliyoitaja. Kipeo chake ni 11, mara mbili ni 22. 23 ni 22 na moja, 89 ni 22 mara nne na moja.) Hoja ya pili ni kwamba kigawo hicho, kikigawanywa kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Ukiziunganisha hoja hizo mbili, vigawo vinavyowezekana ni vile tu ambavyo, vikigawanywa kwa 248, hubakisha 1 au 63.

Chini ya 46,340 nambari za sifa hiyo, ukiacha 63 yenyewe ambayo si tasa, ni 372. Nyingi kati ya hizo nazo si tasa na hazihitaji kujaribiwa. Ukizichuja, zinabaki 80 na ushei.

Ya kwanza ni 311. Igawanye: 311 inaingia mara 6,905,092 na kubaki 35. Inayofuata ni 1,303, ambayo hubakisha 226. Kisha 1,489, ambayo hubakisha 199. Na kazi huendelea hivyo hadi mwisho. Hakuna hata moja iliyoingia bila kubakisha kitu. Mwanafunzi wa shule ya upili mwenye subira na karatasi za kutosha anaweza kuirudia kazi yote kwa siku chache, na hilo kwangu ndilo linalovutia zaidi kuliko ukubwa wa nambari. Aliyewahi kuufuata uthibitisho hadi mwisho haitaji tena kumwamini Euler.

Jirani aliyeumbuka

Miaka 40 kabla ya barua hiyo, Euler alikuwa amekutana na jirani wa nambari hii. Chukua 2,147,483,648, izidishe kwa mbili, uongeze moja. Utapata 4,294,967,297. Fermat aliamini hiyo ni tasa, pamoja na nyingine zote zinazoundwa kwa mtindo wake. Mnamo 1732 Euler alionyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417, na imani ya Fermat ikaporomoka.

Wapo pia walioamini kwamba mlolongo wa nambari hizi haukatiki. Kipeo cha 5 hutoa 31, na 31 ni tasa. Kipeo cha 31 hutoa nambari yetu, nayo ni tasa. Je, mbili kwa kipeo cha 2,147,483,647, kasoro moja? Nambari hiyo ina tarakimu 646,456,993, na hakuna gazeti linaloweza kuichapa. Hata hivyo yajulikana kwamba si tasa, kwani inagawika kwa 295,257,526,626,031. Mlolongo ulikatika hapo.

'Haina faida'

Kuna sababu ya kale iliyowafanya watu kuzitafuta nambari za Mersenne. Mgiriki Euclid alionyesha, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba kila moja iliyo tasa huzaa nambari kamilifu, yaani nambari iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo. Sita ni kamilifu: 1 na 2 na 3. Ishirini na nane ni kamilifu: 1, 2, 4, 7 na 14. Nambari yetu ni ya nane katika safu yake, na ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata nambari kamilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128.

Mwingereza Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, aliitaja nambari hiyo kamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1811. Alisema ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa mambo hayo ni ya kustaajabisha tu na hayana faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Barlow alikosea pande zote mbili. Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kipeo cha 127 mwaka 1876, Mrusi Ivan Pervushin akathibitisha cha 61 mwaka 1883, na utafutaji haujakoma. Oktoba 2024 ilitangazwa nambari ya Mersenne yenye kipeo cha 136,279,841, ikiwa na tarakimu 41,024,320.

Kuhusu faida, jibu lilikuja kupitia mashine. Tarakilishi hazijui kubahatisha, ilhali michezo, utafiti na majaribio ya uhandisi huhitaji nambari zinazoonekana kutokea kibahati. Mwaka 1969 wataalamu watatu, Lewis, Goodman na Miller, walieleza mbinu kwa mashine za IBM za System/360: chukua nambari yoyote, izidishe kwa 16,807, igawanye kwa 2,147,483,647, na ushike kinachobaki. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Safu hiyo hupitia kila nambari kutoka 1 hadi 2,147,483,646, mara moja tu kila moja, kabla ya kurudi mwanzo. Hupita zote hivyo kwa sababu kigawanyi ni tasa na kwa sababu 16,807 ilichaguliwa kwa makini. Mbinu hiyo ilitumika kwa miongo kadhaa, ingawa leo zipo zilizo bora.

Shimo la 32

Turudi kwenye bao. Tarakilishi huhifadhi nambari katika vijumba vidogo viitwavyo biti, na kila biti ama ina kitu ama ni tupu. Mashine zilizotawala kwa miaka mingi zilitenga biti 32 kwa nambari moja, sawa kabisa na mashimo ya bao. Safari hii kila shimo lina nafasi ya kete moja tu, lakini thamani hutofautiana: shimo la kwanza ni 1, la pili ni 2, la tatu ni 4, hadi la 31. Shimo la 32 limetengewa alama. Likiwa tupu nambari ni chanya, likiwa na kete nambari ni hasi.

Jaza mashimo yote 31 na uache la 32 tupu. Umepata 2,147,483,647, nambari kubwa kabisa inayoweza kukaa humo. Ongeza moja. Kama mita ya gari iliyofika 999,999, mashimo yote 31 yanamwagika na kete moja inatua katika shimo la alama. Mashine inasoma hasi 2,147,483,648, na haina habari kwamba kuna kosa lililotendeka.

Programu inayohifadhi fedha kwa senti katika nafasi hiyo ingefika kikomo kwa Sh21,474,836.47. Senti moja zaidi, na tajiri angegeuka mdaiwa wa zaidi ya Sh21 milioni. Ndiyo maana wajuzi wa mifumo ya fedha hutenga nafasi kubwa zaidi.

Desemba 2014 YouTube ilieleza kwamba wimbo 'Gangnam Style' wa Mkorea Kusini Psy ulikuwa umetazamwa mara zaidi ya 2,147,483,647, na kwamba kihesabio kilikuwa kimepanuliwa. Hilo lilikuwa la kuchekesha. La mwaka uliofuata halikuwa. Mwaka 2015 mamlaka ya safari za angani ya Marekani, FAA, iliagiza kwamba ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, baada ya kugunduliwa kwamba vidhibiti vya jenereta vikiachwa vikifanya kazi mfululizo kwa siku 248 vingeweza kuzima vyote kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Gawanya sekunde katika sehemu mia, uzihesabu hadi ujaze mashimo 31, na utakuta siku 248 na nusu. Kwamba 248 ndiyo nambari ile ile aliyoitumia Euler kuchuja vigawo vyake ni sadfa tupu, lakini ni sadfa ya kupendeza.

Asubuhi ya 2038

Mifumo mingi ya tarakilishi huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa manane wa Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo hapa Kenya ilikuwa saa tisa usiku. Yaliyohifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 zenye alama yatajaza mashimo 31 asubuhi ile ya Januari 19, 2038. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haikurekebishwa itasoma Ijumaa, Desemba 13, 1901, saa tano na dakika 45 usiku kwa saa zetu. Huo ulikuwa mwezi ule ule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu.

Wakenya wanaotumia mita za umeme za kulipia kabla wamekwisha kuonja jambo la aina hii. Mita hizo zilikuwa zikitambua tokeni kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, katika nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo ilijaa Novemba 24, 2024, na kabla ya siku hiyo wateja wa Kenya Power walitakiwa kuingiza nambari ndefu za ziada kabla ya tokeni ya kawaida, ili mita zianze hesabu upya. Ambaye mita yake haikusasishwa, tokeni mpya haingekubaliwa.

Tofauti ni kwamba mita zina mwenye kuzisimamia na zinajulikana zilipo. Mashine za 2038 zimetawanyika. Tarakilishi za mezani na simu za kisasa si tatizo kubwa, kwani hutumia biti 64, na hata mfumo wa Linux kwa mashine za biti 32 ulipata tiba katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807, na kwa sekunde kitachukua miaka ipatayo bilioni 292 kufikiwa. (Hicho, kwa taarifa ya wapenda hesabu, si tasa: kinagawika kwa 7.)

Wasiwasi uko kwenye vifaa vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa: vidhibiti vya mitambo, vipima-joto vya maghala, kamera za ulinzi, na faili za kumbukumbu zilizoandikwa na programu ambazo mtunzi wake alistaafu zamani. Aidha, hitilafu haingoji siku yenyewe. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 uliotiwa sahihi mwaka 2019 unamalizika 2039, na programu iliyoandikwa vibaya ingeshindwa kukokotoa tarehe hiyo siku ile ile mkopo ulipotolewa.

Namna ya kupima si ngumu. Fundi huchukua kifaa kisicho kazini, au nakala ya mfumo iliyotengwa, akasogeza saa yake hadi Januari 18, 2038 usiku, kisha akangoja kuone. Asifanye hivyo kwenye mashine inayotumika: vyeti vya usalama na leseni za programu hukatika tarehe ikiruka, na wakati mwingine kurudisha saa nyuma hakurudishi kila kitu.